Ganzi ya vidole baada ya panga

Mdogo wangu wa Newala, unauliza kama ganzi ya vidole, miezi miwili tangu panga likukate kifundo cha mkono na neva ikashonwa, maana yake neva imekufa. Hapana. Neva ikikatika, seli za Schwann zinazoizunguka huzidisha protini za ukuaji kama NGF, na neva za hisia huanza kujijenga upya. Ila mwendo wake ni wa kobe, kama milimita 1 kwa siku; kufika nchani mwa kidole hesabu nusu mwaka.

Ukigonga taratibu juu ya njia ya neva na kuhisi umeme, na sehemu hiyo inasogea kuelekea vidoleni kadiri siku zinavyopita, shukuru. Isiposogea, rudi hospitali ya Ligula. Ninachokuogopea ni kubangua korosho: mafuta ya ganda yatakuunguza bila wewe kujua!