Umesaini juzi mkataba wa "timeshare" (kununua wiki za kukaa hotelini kila mwaka)? Bado una nafasi

Ndugu, kikao cha mauzo cha dakika 90, ulichoitiwa kuchukua "zawadi ya bure", kugeuka muda wa saa tano nzima si bahati mbaya. Wauzaji wanakuchosha makusudi, kisha anatokea meneja na bei ya "leo tu" (kesho ingekuwa ileile). Na hilo la kuja kuuza wiki zako za hoteli kwa faida, sahau. Wanunuzi ni nadra, na ada ya matunzo kwa kawaida hupanda kila mwaka.

Tafuta kwenye mkataba kipengele cha kughairi. Umoja wa Ulaya hutoa siku 14, jimbo la Florida, Marekani, siku 10. Andika barua leo, itume kwa rejista, tunza risiti. Simu usipige, watakubembeleza. Akija mtu kudai atakutoa kwenye mkataba ukimlipa kwanza, mkimbie huyo pia.