Nafundisha bila cheti mwaka wa pili sasa, je uzoefu utanifanya mwalimu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilimaliza kidato cha sita, sasa hivi nafundisha hisabati darasa la tatu kwenye shule moja ya binafsi, huu mwaka wa pili. Chuo sijapita. Mwenye shule anasema ualimu unajifunzwa darasani na uzoefu unatosha, ni kweli? Halafu kuna vitu narudia mara tatu mara nne watoto hawashiki, mfano kutoa kwa kukopa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza wazi maana wenzio wengi wako kwenye hali hiyo hiyo wanaona aibu kusema. Mi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwazungukia wanachuo wakiwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, nakaa dawati la nyuma na daftari langu nawaangalia wakifundisha, kwahiyo nakujibu kwa ninayoyaona huko.

Mwenye shule kasema nusu. Ualimu unajifunzwa darasani, hilo halina ubishi, hakuna mtu aliyejua kutuliza watoto 70 kwa kusoma saikolojia peke yake. Ila uzoefu kutosha, hapana. Kisheria kwanza, anayefundisha anatakiwa awe mwalimu aliyesajiliwa au awe na leseni ya kufundisha, na miaka yako ya darasani haigeuki kuwa cheti hata ifike 10. Mwombe mwenye shule akufuatilie leseni, inamkinga yeye na wewe, na huku wewe jipange kuomba chuo.

Ila usidhani kujifunza ualimu ukiwa kazini ni kitu cha ajabu, Tanzania imeshafanya hivyo kwa maelfu ya watu. Azimio la Musoma la 1974 liliamua watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, mpango ulioitwa UPE, elimu ya msingi kwa wote, walimu hamna na vyuo vilivyopo havitoshi, ndo wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba wakapelekwa shule za vijijini, anafundisha vipindi vichache, muda unaobaki anasoma masomo yanayokuja kwa posta na redio, na wakufunzi wanamfuata huko huko kijijini, mwishoni ndo anakaa chuoni wiki chache. Waliohitimu kwa njia hiyo ni zaidi ya 35,000. Watu waliwabeza sana, "mwalimu wa UPE" mpaka leo linatamkwa kama tusi, na linaniuma kwasababu mi mwenyewe nilifundishwa kusoma na kuandika na mmoja wao. MMEM nayo, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza 2002 wanachuo wa daraja A, yaani wa cheti cha ualimu wa shule za msingi, walikaa chuoni mwaka mmoja, mwaka wa pili wakaumalizia mashuleni.

Sasa angalia, mipango yote hiyo ilitaka kijana awe na kitu cha kusoma pembeni na awe na mtu wa kuja kumwangalia akifundisha halafu wakae wazungumze. Pale ambapo huyo mtu hakufika, kijana alibaki anaziba pengo la mwalimu tu. Na wewe ndo ulipo, umefundisha mwaka na nusu sijui kama kuna mtu ameshakaa nyuma ya darasa lako hata kipindi kimoja.

Nikupe mfano. Kuna mwanachuo nilimkagua, andalio la somo safi, zana za kufundishia kabandika ukutani, sauti nzuri, watoto wanaitikia kwa pamoja "ndiyooo mwalimuuu". Mi nilikuwa nimechora madawati kwenye karatasi, kila mtoto akiulizwa swali naweka kijistari. Dakika 40 zikaisha. Vijistari vyote vilikuwa kwa watoto wanne, watatu dawati la mbele na mmoja karibu na dirisha. Kwenye kipengele cha tathmini kaandika "somo limeeleweka kwa asilimia 80". Nilipompa ile karatasi aliiangalia muda mrefu sana, akaniambia mwalimu mi niliona darasa zima limenyoosha mikono. Na hakuwa anadanganya, ukiwa mbele unafundisha unaona mikono, huoni nani hajanyoosha. Wiki iliyofuata nilikuta anatembea mpaka nyuma, na maswali yameenea.

Kwahiyo tafuta macho ya pili. Muombe mwalimu wa taaluma au mwalimu yeyote aliyesomea, hata wa shule ya serikali ya jirani, akukalie kipindi kimoja kila baada ya wiki mbili, na usimwambie "njoo uone nikoje" maana atakwambia uko vizuri kwa kukustahi. Mpe kitu kimoja cha kuhesabu, nani kaulizwa, au ukiuliza swali unasubiri sekunde ngapi kabla hujajijibu mwenyewe. Na wewe ukakae kwake. Siku hizi pia kuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu wanakutana shuleni kwenye jumuiya za ujifunzaji wanajadili mada zinazowasumbua, omba ukae nao hata kama bado huna cheti, sidhani kama kuna mwalimu atakufukuza.

Haya, kutoa kwa kukopa. Kurudia mara nne maelezo yale yale hakusaidii, kwasababu mtoto hajakosa kusikia, ana njia yake nyingine anayoiamini. Chukua daftari la aliyekosa, tuseme 52 kutoa 27 kaandika 35. Usiweke kosa kwanza, muulize kwa upole ulifanyaje hapa. Wengi watakwambia "mbili kutoa saba haiwezekani, nikafanya saba kutoa mbili, tano". Unaona, ana sheria yake kichwani, namba kubwa itoe ndogo, na inampa jibu kila siku. Ukimrudishia "kopa kumi kwa jirani" anasikia maneno tu, hajui hiyo kumi inatoka wapi.

Waambie waje na vijiti, wafunge mafungu ya kumi kumi kwa kamba au raba. Mpe mtoto mafungu matano na vijiti viwili, mwambie nipe 27. Atakupa mafungu mawili haraka, halafu ataanza kutafuta saba, ana viwili. Hapo nyamaza. Usimsaidie kabisa, hata ikichukua dakika nzima na darasa likaanza minong'ono, mwache mpaka mkono wake wenyewe ufungue fungu moja, avihesabu 12, akupe saba, abaki na vitano na mafungu mawili. Akishafungua fungu yeye mwenyewe ndo mwandike pamoja ubaoni, ile tano ya 52 ikikatwa kuwa nne anajua ni fungu gani limeondoka.

Jioni andika kwenye daftari lako mtoto gani alifungua fungu mwenyewe, nani alimwiga jirani, na nani bado. Hao wa mwisho ndo unaanza nao kipindi cha kesho, na daftari hilo ukienda chuo nenda nalo, mkufunzi wako akikuta una kurasa 50 za hivyo mtakuwa na mengi ya kuzungumza.