Swali la lugha: uti wa mgongo ni mifupa, au ni kilichomo ndani yake?

SWALI: Natafsiri ripoti ya daktari wa wanyama kuhusu mbwa aliyeishiwa nguvu miguu ya nyuma, nami nimeandika kwamba "amepooza". Sentensi moja imenitoka hivi: "Uti wa mgongo umebanwa ndani ya uti wa mgongo, upande wa mbele." Mhariri ameirudisha. Niandikeje? Na je, neva niite mshipa?

JIBU: Kosa si lako peke yako. Kiswahili cha kila siku huita uti wa mgongo vitu viwili: safu ya pingili za mifupa, na ule ugwe laini wa neva unaoteremka katikati yake kutoka ubongoni. Kwenye mazungumzo hakuna anayepotea, lakini kwenye ripoti, kuvunjika kwa kimoja si kubanwa kwa kingine. Kwa mbwa hata urefu wake haulingani: ugwe huishia karibu na pingili ya sita ya kiuno, ilhali mifupa inaendelea mpaka mkiani.

Mimi ningeiachia mifupa jina la uti, maana uti ni kitu kigumu kinachobeba vingine, na cha ndani ningekiita ugwe wa mgongo. Ukishawishika kuandika "uboho wa mgongo", jizuie. Uboho ni wa ndani ya mfupa, nao hutengeneza damu. Homa ya uti wa mgongo usiiguse. Ugonjwa wenyewe ni wa tando zinazofunika ubongo na ugwe, lakini jina limeshakaa. (Na usiandike UTI kwa herufi kubwa, wasomaji watafikiria mkojo.)

Neno lililokuponza zaidi, kwa maoni yangu, ni "mbele". Binadamu akisimama, tumbo lake liko mbele. Mbwa tumbo lake liko chini, na mbele yake ni kichwa. Ndiyo maana orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia ya wanyama, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1968, huelekeza kwa viungo vyenyewe. Nasi tufanye hivyo: upande wa kichwa, wa mkia, wa mgongo, wa tumbo. Ukifika ndani ya kichwa, "upande wa kichwa" hauna maana tena. Huko sema upande wa pua.

Kama daktari alikusudia kwamba diski (kile kipande laini kilicho kati ya pingili na pingili) imechomoza na kubana kutokea chini, andika: "Ugwe wa mgongo umebanwa kutoka upande wa tumbo." Akitaja pingili, zitaje nawe, kwa mfano "kati ya pingili ya 13 ya kifua na ya 1 ya kiuno". Mbwa ana 13 za kifua, binadamu 12, kwa hiyo usimsahihishe daktari.

Mshipa uachie damu. Neno hilo limekwisha kubebeshwa neva, kano, hata ngiri. Neva imeshazoeleka vitabuni, itumie bila wasiwasi.

Halafu angalia tena pale ulipoandika "amepooza". Mbwa anayejikongoja, anayeburuta kucha lakini bado anaisogeza miguu, hajapooza. Miguu yake imelegea. Madaktari hutenganisha hali hizo mbili kwa makini, kwa kuwa nafasi ya kupona hutofautiana. Muulize aliyeandika ripoti alimaanisha ipi kabla hujamkabidhi mwenye mbwa.