Nafunga mwezi mzima, mbona kilo zinarudi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mama wa watoto watatu, nashona nguo Mbuyuni hapa Moshi, nina kilo 96 na urefu sentimita 158. Kila Ramadhani napungua kama kilo mbili nafurahi, afu Idi ikipita hata miezi miwili haiishi zimerudi zote. Mwaka huu nimeambiwa nina sukari, nameza metformini na glibenklamaidi. Mume wangu anasema nisifunge, mama mkwe anasema kufunga ndo dawa yenyewe. Nimsikilize nani?
Mama wa Cherehani, Moshi

JIBU: Marahaba dada. Wote wawili wana kaukweli, ila dawa zako ndo zitaamua, ntafika huko.

Hizo kilo zako si wewe peke yako. Watu waliopimwa uzito kabla na baada ya Ramadhani wengi wanapungua kilo moja, moja na nusu hivi, wanene wanapoteza mafuta kuliko wembamba, na wiki chache baada ya Idi uzito unarudi ulikotoka. Nyingine ni maji tu yametoka. Mwili ukikosa chakula unaanza kula akiba ya sukari iliyo kwenye ini, hiyo inakwenda masaa kadhaa, ikipungua ndo unachota mafuta, sasa huku kwetu karibu na ikweta mfungo ni masaa 13 na kitu, kwa hiyo ndo kwanza mwili unakolea kuchoma mafuta, adhana hiyo!

Na baada ya adhana ndo kuna kazi. Mgonjwa wangu mmoja nilimwambia aniandikie futari yake, akaja na karatasi kachana kwenye daftari la mtoto: uji wa pilipili manga vikombe 2, tende 5, kaimati 8, magimbi ya nazi, juisi ya ukwaju, afu chini kabisa kaandika "chakula bado". Nilicheka, na yeye akacheka, ila pilau la saa tatu usiku lilikuwa bado linakuja kweli, na baada ya hapo analala, daku haamki.

Wewe usifanye hivo. Anza na maji na tende moja, swali, urudi ule sahani moja ya chakula chenyewe, mboga na maharage au samaki vijae nusu na zaidi, wanga kidogo, uji usiwe na sukari. Kaimati sikukatazi, ila si kila siku. Daku ule, tena uicheleweshe, na tarawehe kama msikiti uko karibu nenda kwa miguu, bodaboda iache.

Sasa dawa. Metformini peke yake ni mara chache kushusha sukari ikapitiliza, tatizo ni hiyo glibenklamaidi, inakamua kongosho litoe insulini hata kama tumboni hamna kitu, unaweza kuanguka hapo hapo kwenye cherehani. Nenda kwa daktari wako wiki 6 mpaka 8 kabla ya mwezi kuandama, atabadilisha dawa au atapanga upya dozi na muda, usijipangie mwenyewe, na kama atakwambia usifunge basi mkubalie, Al-Baqara aya ya 184 imempa mgonjwa ruhusa wazi, mama mkwe anaijua. Akikuruhusu, pima sukari mchana, kujichoma kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L), au ukianza kutetemeka na jasho la baridi, fungua hapo hapo, usisubiri magharibi hata kama imebaki nusu saa.

SWALI: Dokta, kanisani kwetu tunafunga kavu siku tatu, hata maji hatugusi. Mi ni mnene na natumia dawa ya presha ile ya kukojosha. Ntapungua?
Kaka wa Ngarenaro, Arusha

JIBU: Utapungua maji, kaka, na hayo ndo usiyotakiwa kupungua. Dawa inatoa maji na chumvi, wewe huingizi kitu, presha inaweza kushuka ukazimia ukiinuka tu kwenye benchi, na figo zinaumia. Kavu usifunge, na dawa usiache kimya kimya. Ongea na mchungaji mapema, mwambie unameza dawa gani, akupangie mfungo wenye maji na mlo wa jioni, afu kabla ya kuanza upite kliniki wakupime presha.