Usiandike "sanda" kabla hujajua kitu hicho kinafanya kazi gani

Ndugu yangu, isimamishe kazi hiyo kwanza. Umesema umepewa kitabu cha maelekezo ya mashua ya matanga ukitafsiri kwa Kiswahili, umekuta neno "shroud" karibu kila ukurasa, kamusi imekupa "sanda", na sasa unauliza kama unaweza kulibadilisha kote kwa mara moja, utoze kiasi gani kwa ukurasa, na utumie programu gani. Usilibadilishe. Mimi nilifanya hivyo hivyo, hapa hapa Nairobi, na nililipa kutoka mfukoni mwangu.

Wakala mmoja wa tafsiri alinipa mwongozo wa aina hiyo. Sura ya ukaguzi iliwataka mabaharia wakague "shrouds" za pande zote mbili kabla ya kung'oa nanga, nami nikaandika: "Kagua sanda za kulia na za kushoto kabla ya kila safari." Sentensi hiyo ilinitia shaka, nikampelekea mhariri wetu, naye akanijibu bila kuinua macho kwamba kamusi imeshasema na kwamba yeye alianza kutafsiri nikiwa shule ya msingi. Nakala 200 zikachapwa River Road, zikapakiwa kwenye basi la usiku la Mombasa.

Baada ya siku mbili nahodha alinipigia simu. Alinisalimu kwa adabu, akanijulia hali, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna maiti itakayosafirishwa, maana vijana wake walikuwa wameusoma ukurasa wa nne na hawakutaka kupanda. Mtu wa pwani anaijua sanda: ni nguo nyeupe, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, na haikaguliwi na mtu anayejiandaa kwenda baharini. Mteja alikataa kulipa, wakala akanikata gharama yote ya uchapaji, na mhariri yule hakukatwa hata shilingi. Jambo hilo linanichoma mpaka leo, kwa sababu nilimwuliza mapema, wakati ambapo kosa lingefutwa kwa kalamu.

Nahodha ndiye aliyenifundisha. "Shrouds" za chomboni ni kamba, siku hizi mara nyingi waya za chuma, zinazoshuka kutoka sehemu ya juu ya mlingoti hadi kwenye mbavu za chombo, ili upepo unapolijaza tanga mlingoti usilale upande. Zinazoushika kwa mbele na nyuma zina jina jingine hata kwa Kiingereza. Usizichanganye na henza, ambayo hutweka tanga, wala demani, ambayo huliongoza. Hizo huvutwa na kulegezwa safarini, ilhali zile za mbavuni hukazwa ili zishike. Niliandika upya "waya za mbavuni za kushikilia mlingoti", naye akaridhika. Ni maneno mengi, lakini baharia akiyasoma anajua aweke mkono wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kamusi, uliza kitu hicho kinafanya kazi gani pale kilipo. Neno "shroud" katika Kiingereza cha kale lilimaanisha vazi tu, na maana ya nguo ya maiti ilikuja baadaye sana. "Sanda" inafaa kwa kile kitambaa cha kitani cha Turin, Italia, ambacho wengi huamini kilifunika mwili wa Yesu, na ambacho vipimo vya kaboni vya mwaka 1988 vilionyesha kilifumwa kati ya 1260 na 1390. Haifai kwa kava linalozunguka feni ya rejeta, ambalo fundi yeyote wa Kirinyaga Road atakuambia kazi yake ni kuhakikisha feni inavuta hewa kupitia rejeta yote, wala kwa kamba zinazomwunganisha mrukaji na parachuti yake.

Katika kitabu chako kuna mahali "shroud" inatajwa karibu na injini. Angalia mchoro wake kabla hujaandika chochote, na kama hauko wazi, upige picha uuweke hapa. Leo jioni nitakuwepo.