Betri ya mashine ya kukatia nyasi inapokutwa imekufa kila Jumatatu

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikitunza viwanja vya taasisi moja hapa Tabora mjini, vyenye miembe ya zamani na eneo pana la nyasi ambalo, mvua zinapochanganya, hudai kukatwa kila wiki. Kazi hiyo ninaifanya kwa mashine ya kukalia, ile inayoendeshwa kama trekta dogo, ambayo tuliipata ikiwa imetumika. Msimu mmoja mashine hiyo ilinisumbua kupita kiasi: Ijumaa jioni nilikuwa ninaizima ikiwa nzima kabisa, na Jumatatu asubuhi ninageuza ufunguo nisisikie chochote isipokuwa mlio mmoja mkavu wa swichi ya stata, ile mota ya umeme inayowasha injini. Duka nililokwenda lilinishauri ninunue betri mpya, nami nikanunua, na baada ya wiki tatu hiyo mpya nayo ikawa inakufa vilevile. Ninaandika haya ili mwenzangu asirudie kununua betri kabla hajapima, kwa sababu fedha hiyo inauma.

Kifaa kinachohitajika ni mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Chaji betri hadi ijae, iache itulie saa kadhaa, kisha ipime. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.4 imepungua kiasi, na ikifika 12.0 imekaribia kwisha. Ikiwa imejaa lakini wakati wa kupiga stata inaporomoka chini ya volti 9.6, basi betri yenyewe ndiyo iliyochoka. Yangu haikuwa hivyo. Ilishika chaji vizuri ilipokaa mezani peke yake, na hilo lilinionyesha kwamba mwizi wa umeme yumo ndani ya mashine.

Kumtafuta mwizi huyo kunataka utulivu. Hakikisha ufunguo umezimwa, vua pete na saa ya mkononi, kisha fungua waya wa hasi tu. Weka mita kwenye kipimo cha ampea 10, ukiuhamishia waya wake mwekundu kwenye tundu la ampea, halafu iunganishe katikati ya waya wa hasi uliofunguliwa na kichwa cha hasi cha betri. Usijaribu kamwe kuwasha injini mita ikiwa hapo, kwa maana stata huvuta umeme mwingi ambao utaiunguza fyuzi ya mita papo hapo. Mashine ya namna hii, ikiwa imezimwa, inapaswa kusoma sifuri au karibu sana na sifuri. Yangu ilisoma ampea 0.4. Betri yangu ni ya ampea-saa 24, yaani kipimo cha umeme inaoweza kubeba: ampea zinazovutwa mara saa zinazovutwa. Ukigawanya 24 kwa 0.4 unapata saa 60, ambazo ni kama muda wote kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu alfajiri. Nilipoona hesabu hiyo nilifarijika sana, kwa sababu tatizo lilikuwa limepata jina.

Kuanzia hapo nilichomoa kitu kimoja kimoja huku nikiangalia mita. Nilichomoa soketi ya swichi ya ufunguo, namba haikubadilika. Nikachomoa waya wa taa, haikubadilika. Nilipochomoa soketi ya regyuleta ikashuka hadi sifuri. Regyuleta ndiyo inayopokea umeme unaozalishwa na koili zilizo chini ya gurudumu zito la injini na kuufanya ufae kuchaji betri. Ndani yake mna diodi, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Mlango mmoja ukiharibika, umeme unarudi kutoka kwenye betri kuelekea kwenye koili usiku kucha, na hakuna taa wala mlio wa kukuarifu.

Kipuri kilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nilikifunga, uvujaji ukaisha, lakini nilipopima betri injini ikiwa kwenye mwendo wa juu mita ilisoma volti 12.9 tu, wakati inatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Hapo nikagundua kosa la pili: bati ambalo regyuleta imefungwa lilikuwa na kutu, na regyuleta ya aina hii hupata hasi yake kupitia boliti zake. Niliisugua sehemu hiyo kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikasafisha pia vichwa vya betri kwa brashi ya waya, na namba ikapanda hadi 14.1. Ningeridhika mapema, ningelaumu kipuri kipya bure.

Lipo pia suala la kiangazi chetu. Tangu Juni hadi Oktoba nyasi haziendelei, mashine hukaa bila kazi, na betri ya risasi na asidi hupoteza chaji yenyewe, kwa kasi zaidi katika joto la Septemba na Oktoba. Ikiachwa tupu kwa miezi, bamba zake hushikwa na salfeti ngumu ambayo chaja haiwezi kuiondoa. Kwa hiyo mimi huifungua, nikianza na hasi, nikaihifadhi chumba chenye ubaridi, na kuichaji kila mwezi mahali penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa hutoa gesi inayolipuka. Kama ni ya kuongezwa maji, tumia maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, wala si ya bomba. Ninapoirudisha ninaanza na chanya na kumalizia na hasi.