Kwanini komiki za mashujaa zikijaribu kutisha hazitishi (na zile chache zinazotisha kweli)

Mkuu umeuliza kwanini ukisoma riwaya ya kutisha unalala na taa inawaka, lakini ukifungua komiki ya superhero iliyojaa mazombi na mapepo unaona kawaida tu, na kama kuna yoyote ya kukushauri maana umechoka kudanganywa na majalada. Mimi nasoma vyote viwili tangu niko shule na huwa nabishana sana na watu kuhusu hili, kwa hiyo nivumilie, itakuwa ndefu.

Kwa mtazamo wangu shida sio wachoraji, na wala sio waandishi. Shida ni kwamba hofu inataka kitu kinachoweza kupotea na kikapotea kweli, wakati komiki za mashujaa zimejengwa kibiashara kisipotee kitu. Superman ametoka 1938, Batman 1939, na mpaka leo bado wanatoka, ni mali ya kampuni, nani atakubali mali yake ife jumla? Angalia walivyomuua Superman mwaka 1992. Toleo namba 75, likauzwa ndani ya mfuko mweusi na kitambaa cheusi cha msiba cha kuvaa mkononi, watu wakapanga foleni, wengine wakanunua nakala za kuweka eti zitakuja kuwa na thamani, halafu 1993 jamaa huyo karudi. Sasa baada ya hapo wewe unionyeshe shujaa kashikwa shingo na vampaya mimi niogope nini? Najua kabisa mwezi ujao ana toleo lake.

Linganisha na kile kihadithi cha W. W. Jacobs cha 1902, cha mkono mkavu wa nyani unaotimiza maombi matatu. Ni kifupi sana, unakimaliza kwa kukaa mara moja. Mzee anaomba pauni 200, zinakuja kweli, ila zinakuja kama fidia maana mtoto wao wa kiume kanaswa na mashine kazini akafa. Mama anashindwa kuvumilia, anamlazimisha mzee aombe mtoto arudi. Usiku mlango unagongwa. Mama anahangaika na komeo la juu halifikii, anavuta kiti apande, mzee yuko chini sakafuni gizani anapapasa kuutafuta ule mkono aombe ombi la tatu kabla mlango haujafunguka, na yeye ndo aliyeuona mwili wa mtoto ulivyokuwa umeharibika. Anaupata, anaomba, kugonga kunakata, mlango unafunguliwa, nje barabara tupu. Yaani hujaonyeshwa chochote! Mpaka leo hujui nini kilikuwa nyuma ya ule mlango, na yule mtoto harudi tena, hakuna toleo la mwezi ujao. Mimi naona hapo ndo pana siri yote ya hadithi za kutisha, na ndo maana zile riwaya zinazotumia kurasa mia za mwisho kukuelezea jini limetoka wapi na linaogopa nini huwa zinanichosha, ukishanieleza umeshaniondolea hofu.

Usidhani lakini komiki kama komiki haziwezi kutisha. Marekani mwanzoni mwa miaka ya 50 komiki za kutisha zilikuwa zinauza sana, na kampuni ya EC ndo walikuwa vinara. Zile zilikuwa stori fupi fupi, kila moja na watu wake, hakuna aliyekuwa na uhakika wa kufika ukurasa wa mwisho, na wengi hawakufika. Halafu 1954 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, akatoa kitabu kwamba komiki zinaharibu watoto (mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley aliyepitia makaratasi ya Wertham akaonyesha kwamba ushahidi mwingine aliuchezea, ila maji yalishamwagika zamani). Baraza la Seneti likaitisha vikao. Mwenye EC, William Gaines, akaenda mwenyewe kujieleza, seneta akamwekea jalada la komiki yake mbele, mwanaume kashika shoka lenye damu na mkono mwingine kashika kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akaulizwa kama hilo ni jambo la kistaarabu. Akajibu ndiyo, kwa jalada la komiki ya kutisha, akaongeza kwamba lingekuwa la ovyo kama kichwa kingeinuliwa juu kidogo damu ionekane inachuruzika. Aisee kama kuna siku ya kukaa kimya ilikuwa ile.

Mwaka huohuo wachapishaji wakajiwekea kanuni zao wenyewe, na muhuri kwenye jalada, bila muhuri wasambazaji wengi hawagusi mzigo wako. Neno horror kwenye jina la komiki marufuku, vampaya marufuku, zombi marufuku, maovu lazima yashindwe. Komiki za kutisha za EC zikafa, na soko likaja kubaki mikononi mwa mashujaa zaidi na zaidi. Kwa hiyo unaposema komiki hazitishi kumbuka kwamba mtindo wa mashujaa tunaousoma leo ulikulia ndani ya kanuni iliyosema wema ushinde kila mara. 1971 wakalegeza, vampaya wakaruhusiwa, kampuni ya Marvel hawakusubiri, 1972 wakaanzisha komiki yao ya Dracula na Blade, mwindaji wa vampaya, katokea humo 1973, namba 10. Nimeisoma, ni nzuri, Gene Colan alichora giza mpaka unahisi ukungu, ila kukutisha haikutishi sana, maana jina la Dracula liko kwenye jalada, hawezi kwenda popote.

Halafu kuna suala la jicho ambalo watu hawalisemi. Kwenye riwaya mwandishi anakupa neno baada ya neno, hujui sentensi inayofuata ina nini. Kwenye komiki ukifungua kurasa mbili jicho limeshaziona zote kabla hujaanza kusoma, kama kuna maiti kwenye fremu ya mwisho kulia chini umeshaiona. Wachoraji wanaojua kazi wanaficha kitu nyuma ya kugeuza ukurasa. Junji Ito, mchoraji wa Kijapani, ndo mwalimu wa hili, anakupa fremu ndogo ndogo, mtu anasogea, anachungulia, fremu ya mwisho ni sura yake tu imeshtuka, unageuza, ukurasa mzima picha moja. Mkono wako mwenyewe ndo unaofungua mlango, na unajua kabisa unachofanya. Kwenye zile komiki za mashujaa zinazojiita za kutisha mara nyingi zimwi liko kwenye jalada, liko ukurasa wa kwanza, ukurasa wa tatu linapigwa ngumi. Kitu kinachoweza kupigwa ngumi hakitishi, samahani.

Sasa zile zinazotisha. Angalia Spider-Man namba 121 ya mwaka 1973. Sio komiki ya kutisha kabisa, ni ya kawaida. Adui yake Green Goblin anamtupa Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, kutoka juu ya daraja (maneno yanasema ni George Washington, ila mchoro ni wa Brooklyn, wadau wamelicheka hilo miaka yote), Spider-Man anarusha utando, unamnasa mguuni, anafurahi kamuokoa. Ila ukiangalia vizuri ile fremu, pembeni ya shingo ya Gwen kuna kisauti kidogo kimeandikwa, SNAP, herufi ndogo unaweza kuipita. Mimi niliipita, nikarudi nyuma nilipoona amekufa, na mwili ukanisisimka, maana maana yake ni kwamba inawezekana kilichomuua ni ule utando wenyewe. Hakuna zimwi wala damu hapo, ni shujaa kafanya kile anachofanya kila siku na safari hii kimemuua mtu. Na Gwen yule mwenyewe kwa miongo mingi hawakumrudisha, walituletea nakala zake na wenzake wa dunia nyingine, sawa, ila yeye alibaki amekufa, na ndo maana ile fremu bado inauma.

Nyingine ni Swamp Thing alipoichukua mwandishi Alan Moore, namba 21 ya mwaka 1984. Mpaka hapo miaka yote stori ilikuwa ni mwanasayansi Alec Holland, kalipukiwa maabara, kageuka zimwi la kinamasi, anatafuta namna ya kurudi kuwa binadamu. Moore anafanya nini? Anamlaza kwenye meza ya upasuaji wa maiti. Wanampasua wanakuta mapafu ambayo hayapumui, moyo ambao hausukumi damu, viungo vyote ni mimea imejifinyanga kuiga viungo vya mtu. Holland alishakufa tangu siku ya mlipuko. Hiki kilichobaki ni majani tu yanayojidhania ni Alec Holland. Hebu fikiria wewe ndo unaambiwa hivyo, hakuna dawa ya kutafuta kwa sababu hakuna mtu wa kumrudisha. Moore aliona kwamba kampuni haiwezi kumpoteza zimwi lake, basi akampokonya kitu ambacho hakuna mhariri aliyefikiria kukilinda. Namba 29 ikatoka bila ule muhuri kabisa.

Na kuna njia ya tatu, geuza kamera umwangalie mpita njia. Mashujaa hawafi, sawa, ila anayepita chini ya jengo wanalopiganiana anakufa, tena hata jina hatajwi. Fikiria maisha ya raia wa kawaida wa Gotham, mji wa Batman, yule muuaji Joker anakamatwa anatoroka anakamatwa anatoroka, kwa Batman ni mchezo wa miaka na miaka, kwako wewe ni mara moja tu inatosha. Komiki ya Marvels ya mwandishi Busiek na mchoraji Alex Ross, 1994, inamfuata mpiga picha wa magazeti, Phil Sheldon, anayaona yote kutokea barabarani, na siku Gwen anaanguka na yeye yupo pale chini anaangalia juu. Haiuzwi kama ya kutisha ila kuna kurasa zake nilizisoma nimeshika mdomo.

Kwa hiyo ushauri wangu anza na Swamp Thing, namba 20 kisha 21, usianze na 21 moja kwa moja hata kama kila mtu anaisifia. Gwen soma 121 na 122 pamoja. Na tafadhali ukisoma kwa simu zima ile seting ya kukuonyesha fremu moja moja, weka ukurasa mzima, la sivyo ile SNAP itakuja imejaa kioo chote na hakutakuwa na cha kukosa kuona.